Msimu Tulioshinda Sebuleni

Mechi ya kwanza ya msimu ule tulipigwa vibaya mno, kiasi kwamba mashabiki wa wapinzani walianza kuondoka mapema ili kuwahi magari yao. Sisi hatukuwa na mashabiki wa kuondoka. Upande wetu wa jukwaa walikaa wazazi wachache waliotawanyika, wakitazama simu zao. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, hapa hapa Toronto, na nilikuwa mmoja wa wale watano wanaosimama mbele ya mrusha mpira ili asiguswe. Siku ile aliguswa. Aliguswa mpaka wakamtoa, wakamwingiza wa akiba, naye akaguswa vilevile.

Nieleze kidogo, maana Mswahili akisikia mpira anafikiria mpira wa miguu. Huu ni ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, mpira wenyewe umechongoka huku na huku, na watu wazima wenye akili zao wanagongana, wanasimama, wanapanga mstari, wanagongana tena. Wakanada wana sheria zao, si zile zile za Wamarekani, lakini kuumia ni kule kule. Mtu wa nafasi yangu hashiki mpira, hafungi, wala hatajwi. Akitajwa ujue amekosea. Msimu ule nilitajwa sana.

Baba yangu hakuupenda mchezo huu. Alisema mchezo unaosimamasimama hivi si mchezo, ni kikao. Hata hivyo tangu mwaka wangu wa kwanza hakukosa mechi ya nyumbani. Alikuwa mpakia mizigo pale uwanja wa ndege, na alibadilishana zamu na wenzake ili Jumamosi awe huru. Alisimama peke yake karibu na uzio, mikono nyuma, akiwatazama waamuzi. Zamani kule Muheza, kabla hajaoa, aliwahi kuwa mwamuzi wa mechi za mitaani, zile za kugombea mbuzi, na ugonjwa huo haukumtoka. Nikitoka uwanjani hakuniuliza nani kashinda, kwa sababu alikuwapo. Aliniambia, "Yule mwenye kofia nyeupe alikuwa mbali, hakuona kitu, kapuliza kwa kubahatisha." Kisha tulipanda basi kurudi Kingsview Village, yeye akiendelea kumsema mwamuzi mpaka lifti inafunguka ghorofani kwetu.

Mwaka ule hakuweza kuja. Saratani ilikuwa imeingia kwenye ini, na kufikia kiangazi ile suruali yake ya kazini ilikuwa inafungwa kwa kamba. Mwezi wa nane daktari wake, mama mmoja mpole asiyezungukazunguka, alimwambia hivi: kama una safari yoyote moyoni, ifanye sasa, kwa sababu majira ya majani kupukutika sidhani kama nitakuruhusu kupanda ndege. Baba hakuhitaji kufikiri. Safari aliyokuwa nayo ilikuwa moja, kwenda Muheza kumwona mama yake.

Bibi alikuwa mzee sana, haoni vizuri, na hawakuwa wameonana tangu mimi ni mtoto wa shule ya msingi. Kila mwaka ilipangwa safari, kila mwaka likatokea jambo. Safari hii ilikuwa tofauti, na sote tulijua ni tofauti kwa namna gani, ingawa hakuna aliyesema. Tiketi zikakatwa za katikati ya mwezi wa tisa. Baba Mkubwa angemsindikiza. Baba aliomba jambo moja tu, asikie kwanza matokeo ya mechi yetu ya kwanza, aondoke na habari ya kumpelekea Bibi.

Basi Jumamosi hiyo, baada ya kipigo nilichokieleza, nikarudi nyumbani jioni, kidole kimoja kimevimba hakikunjiki. Mlango wa lifti ulipofunguka nilimkuta Baba Mkubwa kwenye korido, amesimama kama askari wa zamu.

Huyu ndiye kaka yake Baba. Alikuwa anaishi Malvern, upande wa pili kabisa wa mji, akiendesha teksi, na tangu Baba augue alikuwa akija kila alipoweza na matunda kwenye mfuko. Ni mtu mwema. Pia ni mtu ambaye akishasema, kumekwisha.

"Mmeshinda?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Tumepigwa, Baba Mkubwa. Tumepigwa vibaya."

"Umeshamwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Ndiyo kwanza nafika."

Akanitazama kidole, akanitazama usoni. "Mmeshinda," akasema. Safari hii hakuwa anauliza.

Kwetu mgonjwa hapewi habari mbaya. Sijui kama watu wa makabila mengine wanafanya hivyo kwa ukali tunaofanya sisi. Nilipokuwa mdogo shangazi yangu alilazwa kwa presha, na wiki hiyo hiyo mdogo wake akafariki. Watu walimzika mchana, wakaoga, wakavaa nguo za kawaida, wakaenda hospitali kumsimulia mambo ya bei ya nazi. Waliokuwa hawajiwezi waliachwa nyumbani walie huko. Shangazi aliambiwa siku alipotembea mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Hakuna aliyeona kuwa alidanganywa. Ilikuwa sehemu ya kumuuguza, sawa na kumgeuza kitandani.

Kwa hiyo niliingia ndani, nikamwamkia Baba, nikamwambia tumeshinda. Alikuwa kwenye kochi, mto mgongoni, blanketi magotini. Akatabasamu mpaka meno ya nyuma. Halafu akageuka kwa Mama akamwambia anasikia njaa. Siku nyingi alikuwa anakunywa uji vijiko viwili anasukuma bakuli. Jioni ile alikula wali, akala na samaki, akaomba ndimu. Mama alisimama na mwiko mkononi akimtazama anavyotafuna, machozi yanamlengalenga. Ningeambiwa wakati ule nichague tena, ningemwambia tena tumeshinda.

Jumatatu yake tulikaa kwenye chumba cha mikutano cha timu kutazama video ya mechi. Ndivyo timu hizi zinavyofanya kazi. Unapigwa Jumamosi, Jumatatu unaonyeshwa ulivyopigwa. Kocha wetu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikaa na rimoti, akasimamisha picha, akarudisha nyuma, akasimamisha tena, na katikati ya picha ni wewe, mguu umeukanyaga vibaya, mtu wako anakupita begani. Akakuuliza, "Hapa unatazama wapi?" Ukajibu. Akapeleka mbele. Saa nzima ya kujitazama unavyokosea mbele ya wenzako. Mwanzoni niliichukia ile saa. Baadaye ikawa ndiyo saa pekee ya wiki ambayo sikuwa na kitu cha kuficha.

Jumamosi iliyofuata tukapigwa tena, na nyumbani tukashinda tena. Wiki hiyo ndipo Baba alipoiahirisha safari.

Alilisema jambo hilo kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi. "Timu imeanza hivi, nikimbilie wapi?" akasema. "Mama anangoja miaka yote, atangoja na majuma haya. Nimwendee na habari ya kombe." Nilimtazama Baba Mkubwa, nikitegemea atasema neno. Alikuwa anamenya chungwa. Alilimenya lote bila ganda kukatika, akamkabidhi mdogo wake, akasema, "Inshallah."

Nikamfuata jikoni. Nikamwambia lazima Baba aambiwe, la sivyo ataikosa ndege kwa ajili ya timu ambayo haijafunga chochote cha maana. Mama alikuwapo, anaosha vyombo.

"Sasa unataka nini?" Baba Mkubwa akasema. "Unataka umuue baba yako kwa ajili ya mpira? Hujaona anavyokula?"

"Nimeona. Nimeona pia tiketi."

"Ndege ni saa ngapi mpaka Dar? Na kutoka Dar mpaka Muheza? Akizidiwa huko juu, mimi nimshike mkono nimwimbie?"

Mama hakugeuka. "Huku ana nesi wake, ana dawa zake," alisema. "Akienda kule, nani anajua kama nitamwona tena. Mwache apumzike. Na wewe mjibu baba yako mkubwa kwa adabu."

Hapo ndipo nilipoona kuwa ushindi wetu ulikuwa unamfaa kila mtu. Baba Mkubwa aliogopa kukaa na maiti ya mdogo wake ndani ya ndege. Mama aliogopa kuachwa. Hata mimi, nisijitoe, nilipenda akiwa pale kwenye kochi Jumapili ananisubiri. Aliyekuwa na hasara ni mmoja, na ndiye aliyekuwa anafurahi kuliko sote. Kule Muheza nako Bibi alikuwa anaambiwa kwa simu kwamba mwanawe anapata nafuu, kachelewa tu kwa sababu ya matibabu. Simu hizo Baba Mkubwa alizipiga mwenyewe, akiwa chini kwenye teksi yake.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Jumamosi chuo kinagaragazwa, Jumapili sebule inajaa. Baba hakuwa mtu wa kuperuzi simu, na dawa zilimfanya herufi zimcheze machoni, kwa hiyo alinitegemea mimi. Wageni waliokuja kumtazama kutoka msikitini walipewa habari kwenye korido kabla hawajavua viatu. Wengine walipitiliza. Kuna mzee mmoja alimwambia Baba kuwa matokeo yetu kayasikia redioni, sijui redio gani. Mwingine aliniombea dua mbele yake nisije nikasahau nilikotoka nikishakuwa tajiri. Mdogo wangu wa kike, ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alijifungia chumbani kila hadithi ilipoanza. Mara moja alinipita kwenye mlango akaninong'oneza, "This is sick," kwamba huu nao ni ugonjwa. Nikaenda sebuleni kuendelea na hadithi.

Nami nikawa hodari wa kusimulia. Niligundua kuwa si lazima nibuni mechi nzima. Nilisimulia ile ile iliyochezwa, na majina ya utani ya wachezaji, na baridi, na mchezaji wa kwao mwenye tumbo kubwa aliyenitukana kwa Kifaransa, mpaka penye kona moja, hapo nikapinda. Pale mpira ulipotudondoka, mimi nikaudaka. Pale wao walipofunga, mwamuzi akakataa. Baba alipenda sana waamuzi waliokataa. "Alikuwa amesimama wapi?" aliuliza. Nikamwambia alikuwa karibu. "Basi aliona," akasema, ameridhika.

Timu yenyewe ilikuwa inamomonyoka. Wawili waliacha, mmoja kwa goti na mmoja kwa kuchoka kuchekwa. Kwenye basi la kurudi kutoka mechi za mbali hatukuwasha muziki. Ilisikika mikanda ya mabegi na watu wanaobandua plasta. Darasani mhadhiri mmoja aliniuliza mbele za watu kama bado tunaiita timu. Nilicheka na wengine, kisha nikakaa chooni mpaka kipindi kikaisha. Kushindwa kila wiki kuna uchovu wake. Si ule wa misuli, huo unaisha Jumanne. Ni ule wa kuamka unajua watu wanakuonea huruma.

Iliyoniumiza zaidi ni ile mechi tuliyokaribia kushinda kweli. Tuliongoza tangu mwanzo, sijui iliwezekanaje. Watu wetu wachache kule jukwaani walisimama wote. Dakika ya mwisho tulikuwa na mpira, tulichotakiwa ni kuutunza tu, na mtu wangu akanipita. Alikanyaga ndani, mimi nikaegemea nje, akapita kama mlango uko wazi, akamgonga mrusha mpira kwa nyuma, mpira ukachomoka, wakauokota, wakakimbia nao mpaka mwisho. Uwanja wote ulijua ni nani. Kocha alinishika shingo akasema tutaonana Jumatatu.

Jumapili Baba alitaka kusikia hiyo kuliko zote, kwa sababu Baba Mkubwa alishamwambia ilikuwa ngumu. Nikasimulia. Sikuongeza chumvi, haikuhitaji. Nilipofika dakika ya mwisho nilisema mtu wangu alikuja ndani.

"Ukamshika?" Baba aliuliza. Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Nikamshika."

"Kihalali? Hukumvuta jezi?"

"Kihalali, Baba."

Akalala tena, akafumba macho, akasema, "Hiyo ndiyo kazi." Sijawahi kuona aibu ya namna ile, wala kabla wala baada. Ningetamani anizabe kofi.

Wiki hiyo daktari alimpima, na maji yalikuwa yamejaa tumboni na mapafu yameanza kulemewa. Alituambia wote, Baba akiwa amekaa hapo hapo, kwamba mambo ya ndege sasa yafutwe. Alimuuliza Baba mbona hakwenda mwezi wa tisa kama walivyoongea. Baba akamjibu kwa Kiingereza chake cha uwanja wa ndege, kilichonyooka, kuwa mwanawe anacheza na wanashinda. Daktari akanigeukia, akanipongeza. Baba Mkubwa alikuwa anatazama chini kwenye viatu vyake.

Kwenye gari Baba alitazama dirishani mpaka karibu na nyumbani. Halafu akasema, "Si kitu. Nitaiona nusu fainali. Mtanipeleka kwa kiti cha magurudumu." Hapakuwa na nusu fainali. Kwa pointi tulizokuwa nazo, tusingeingia hata kama wenzetu wote wangefungiwa.

Mechi ya mwisho tulicheza kwenye mvua iliyochanganyika na theluji, na tukapigwa. Tulimaliza msimu hatukushinda hata mechi moja. Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka dawa ya misuli na tope. Wa mwaka wa mwisho walilia, nami nilikuwa mmoja wao. Kocha akasimama mlangoni akasema Jumatatu asubuhi tuje kutazama video. Mmoja akamuuliza ya nini, hakuna mechi nyingine. Kocha akamjibu, "Hii si mmeicheza? Basi tutaitazama."

Jumapili sikwenda sebuleni. Nilisema naumwa mgongo, nikabaki chuoni kwa mchezaji mwenzangu. Baba Mkubwa alifanya kazi yangu. Baadaye akanipigia kunieleza tumefikia wapi: tumeshinda, nusu fainali ni Jumamosi ijayo, itachezwa Quebec, mbali, mgonjwa hawezi kusafiri, na huko ndiko tutakakofungwa. Alikuwa amelifikiria vizuri. "Unamwambia mmefungwa kwa tabu," akasema. "Kufungwa kimoja hakumdhuru. Yaishe salama, mwanangu."

Jumatatu nikaenda kwenye video. Tuliokuja tulikuwa wachache. Kocha hakuruka kitu. Ilipoisha aliwasha taa, akatushika mikono mmoja mmoja, akatutakia heri. Nikatoka nikapanda basi, haikuwa hata saa nne asubuhi. Sikuwa nimepanga maneno. Nilijua tu kwamba sitamsimulia Baba mechi ya Quebec.

Nilimkuta Baba Mkubwa kwenye kiti karibu na kochi, tasbihi mkononi. Mama alikuwa anakunja nguo. Baba alikuwa amepungua hata kwa siku zile chache, macho ya manjano, lakini aliponiona akajikongoja kukaa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mgongo?"

"Umepoa."

"Haya. Quebec mnaondoka lini?"

Baba Mkubwa akakohoa. Nikapiga magoti karibu na kochi.

"Hatuendi Quebec, Baba. Msimu umekwisha. Hatukushinda hata moja."

Mama akaacha kukunja nguo. Baba Mkubwa akaanza kusema kuwa mtoto amechoka, hajui analolisema. Baba akamwinulia kiganja, vile alivyokuwa akiwanyamazisha wachezaji waliomzonga.

"Hata moja?" akaniuliza.

"Hata moja."

"Ya kwanza?"

"Tulipigwa. Vibaya."

"Ya pili?"

Akaniuliza zote, kwa utaratibu wake, nami nikajibu zote. Ile ya dakika ya mwisho akataka nirudie. Nikamwambia mtu wangu alikuja ndani, mimi niliegemea nje, akapita. "Hukumshika," akasema. Nikasema sikumshika. Akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira na mimi, na hilo likaniumiza zaidi. Akamgeukia kaka yake.

"Mimi bado nasikia, Kaka," alisema. "Bado nasikia vizuri."

"Tulitaka ule," Baba Mkubwa akajibu. "Ulikuwa huli."

"Nilikuwa nakula." Akatafuta pumzi. "Kumbe ningekwenda. Ile ya kwanza tu ningeisikia, ningekwenda zangu."

Mama alikuwa ameshikilia shati la Baba kifuani. Nje ndege moja ilikuwa inashuka, pale kwetu zinapita chini sana, na kwa muda ule mlio wake ulijaza chumba kizima. Ilipopita Baba akauliza tena, safari hii akimtazama Mama.

"Na mama yangu mmemwambia nini?"

"Tumemwambia unapata nafuu," Mama alisema. "Tumemwambia utakwenda mwezi wa kwanza."

Baba akaomba simu. Baba Mkubwa akamsihi, akamwambia mama ni mzee, moyo wake si wa kushtuliwa, tungoje kwanza, watu wa huko wamwandae. Baba hakubishana naye. Alinyoosha mkono tu, ukakaa hewani mpaka nikampa ya kwangu.

Muheza magharibi ilikuwa inaingia. Mtu wa nyumbani alipokea, akampelekea Bibi simu, tukasikia wakimwelekeza aishike vipi. Baba aliweka sauti ya nje kwa sababu hakuweza kuishikilia sikioni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Baba akafungua mdomo, akaufunga. Mtu wa kwetu hata akiwa amevunjika miguu hilo analijibu bila kufikiri.

"Mama, naumwa," akasema. "Naumwa sana. Sitakuja."

Kule alisikika kuku mmoja, na mtu anayeburuta ndoo.

"Umekula?" Bibi akauliza.

"Bado, Mama."

"Uko na nani hapo?"

"Niko na mke wangu. Niko na Kaka. Na huyu mwanangu anayecheza mpira."

"Huyo kaka yako sitaki kuongea naye. Nipe huyo mtoto."

Nikasogea karibu na simu, nikamwamkia. Aliitikia, akataja jina langu lote, la kwangu na la babu yangu, kama anahakikisha ndimi. Kisha akasema, "Nimeambiwa mwezi wa kwanza. Wewe niambie. Mwezi wa kwanza atafika?"

Nikamtazama Baba Mkubwa, alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Nikamtazama Baba. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, macho yake ya manjano hayapepesi. Naye hakuna aliyekuwa amemwambia kwa kinywa kwamba hatauona mwezi huo. Akainua kidole kidogo kutoka kwenye blanketi, kuniambia niseme.

"Hapana, Bibi," nikasema. "Hatafika."

Baba alishusha pumzi, akauegemeza mgongo kwenye mto. Mama alikuja akakaa sakafuni upande wangu. Bibi hakulia, au kama alilia hatukumsikia. Baada ya muda akaniambia ahsante, akaniomba nimrudishie mwanawe simu.